ANTENA NDANI YA ORDINATERI: KUPIMA WAYA WA FONI MBELE YA KUPANDA NGUZO



Katika ukurasa huu tumezoea kuongea juu ya kofia ya kazi, vumbi la mawe, maji ya kunywa na malaria. Leo tutaongea juu ya waya. Ni waya mmoja mwembamba, umefungwa juu ya nguzo mbili, na wengi wenu mnapita chini yake kila siku pasipo kuuangalia. Ndiyo antena ya foni. Pengine utauliza: «Muganga anatafuta nini katika mambo ya mafundi wa radio?» Nitajibu kwa habari niliyoiona kwa macho yangu.

Ilikuwa mwaka 2013. Nilikuwa nimetoka masomoni miaka michache tu, nikitumika katika kambi moja milimani, upande wa magharibi wa Uvira, karibu kilometa 100 ukipima kwa mstari ulionyoka. Telefone haikushika kule. Siku moja, saa tatu ya asubuhi, jiwe liliangukia mguu wa mtu wa kalieri, kijana mwenye bibi na watoto wawili. Mfupa ulitoka nje. Nilizuia damu, nikaufunga mguu kwa mbao, nikampa dawa ya maumivu. Lakini ile haikuwa kazi ya dispanseri. Alihitaji chumba cha kupasulia, na damu ya kuongezwa. Nikakimbia kwenye foni kuita Uvira watume motokari.

Uvira haikusikia. Niliita mara kumi, mara ishirini. Katikati ya kelele sauti moja ikajibu, safi kama ya mtu wa nyumba ya pili. Alikuwa mtu wa foni wa Lubumbashi. Lubumbashi, ndugu zangu, ni zaidi ya kilometa 900! Yule mtu mwema alichukua habari yangu, akapiga telefone Uvira, akatafuta wa kumpokea, akarudi kuniambia ningoje. Motokari ilifika jua likishuka. Mgonjwa alipona, lakini mguu ulikatwa chini ya goti. Daktari aliyempasua aliniambia kwamba saa zile za kungoja ndizo zilizoumaliza.

Mashine ilikuwa nzima, batri ilikuwa imejaa, na frekansi ilikuwa ile ile ya siku zote. Kwa nini basi mtu wa mbali alisikia na jirani hakusikia?

WAYA ULIKUWA JUU KUPITA KIPIMO

Antena ya kambi ile ilifungwa kati ya mikaratusi miwili mirefu, mita 21 kutoka chini. Watu waliona fahari. Walisema: mtu akitaka kusikiwa apande juu aite. Kwa mdomo wa mtu ni kweli. Kwa waya wa foni si kweli kila mara.

Angalieni fasi tunayokaa. Hapa Kasenga mbele yetu kuna ziwa, na ng'ambo Bujumbura, karibu kilometa 25. Hakuna kinachozuia, na hata foni ndogo ya mkononi inaweza kuvuka. Lakini nyuma yetu milima ya Mitumba inasimama kama ukuta, na mwendo mfupi tu kutoka ufukoni inapita mita 2000. Wimbi la radio haliwezi kutoboa ukuta ule kwenda kambi za ndani. Lazima lipite juu.

Nalo hupita juu kweli. Kule mbinguni, karibu kilometa 300 kwenda juu, jua linaipiga hewa nyembamba na kuitia umeme. Mafundi wanaita tabaka lile ionosfere. Wimbi la foni, likiwa na frekansi inayofaa, likifika pale linarudishwa chini, kama mpira uliogonga dari. Sasa fikirini mtu anayerusha mpira darini ili mwenzake audake. Mwenzake akiwa karibu, atarusha juu moja kwa moja. Mwenzake akiwa mbali, atarusha kwa kulaza. Ili kumfikia mtu wa kilometa 100, wimbi lazima litoke likiwa limesimama karibu kabisa, kama digrii 80. Likitoka kwa digrii 30 linaruka juu ya kichwa cha jirani na kuanguka kwenye kilometa 900 hivi. Fungueni karata ya inchi yetu muone ni mji gani uko kwenye kipimo kile.

Tena waya haupeleki nguvu sawasawa pande zote. Sehemu ya wimbi inashuka, inagonga udongo, inarudi juu na kukutana na ile iliyokwenda juu tangu mwanzo. Yakikutana vizuri yanasaidiana. Yakikutana vibaya yanauana. Kwa frekansi ya megahezi 7 wimbi moja lina urefu wa karibu mita 43. Waya ukiwa kwenye nusu ya urefu ule, maana yake mita 21, mawimbi ya kwenda juu kabisa yanauana, na nguvu inalala kwenye digrii 30. Hiyo ndiyo ilikuwa antena yetu. Tuliijenga kwa kuitia Lubumbashi, nasi tulitaka kuita Uvira.

Jambo hilo lilikuwa limeandikwa vitabuni tangu zamani, lakini hakuna aliyelipima pale kambini. Kupima antena ya kweli kunataka kupanda, kushuka, kukata waya, kupanda tena. Kila kupanda ni hatari ya kuanguka, na watu wanachoka kabla ya kupata ukweli. Mimi nililijua baadaye, nilipohamia Kasenga, kwa mkono wa kijana mmoja fundi wa umeme mwenye ordinateri ya zamani isiyofaa hata kuangalia sinema.

ORDINATERI INAFANYA NINI?

Kuna programu zinazojenga antena ya hesabu tu. Huoni waya, huoni nguzo. Unaiambia ordinateri: waya una urefu huu, unene huu, uko juu kiasi hiki, udongo ni wa namna hii. Inakuonyesha picha ya nguvu inakokwenda, na kipimo cha umeme unaokataliwa na antena na kurudi kwenye mashine.

Hesabu zenyewe si za jana. Mwaka 1897 Mwingereza aitwaye Pocklington aliandika kanuni ya mkondo wa umeme ndani ya waya unaotoa mawimbi. Kanuni ilikuwa ngumu kwa mkono wa mtu. Mwaka 1968 Mmarekani Roger Harrington alitoa kitabu kilichoonyesha vizuri namna ya kuitatua kwa kukatakata kitu kikubwa kuwa vipande vidogo. Kisha Gerald Burke na Andrew Poggio, wa maabara ya Livermore kule California, wakaandika programu inayoitwa NEC kwa ajili ya jeshi la majini la Marekani. Kitabu cha NEC-2 kilitoka mwaka 1981. Siku zile ordinateri ilikuwa kubwa kama ghala, na mtu aliipa habari kwa kadi za karatasi zenye matundu. Ndiyo maana mpaka leo kila mstari wa programu ile unaitwa kadi, ingawa kadi zenyewe hazipo tena. Leo hesabu ile ile inakaa katika ordinateri ndogo ya begani. Mholanzi Arie Voors ameitengenezea sura nzuri inayoitwa 4nec2, nayo inatolewa bure. EZNEC ya Roy Lewallen iliuzwa kwa miaka mingi, na tangu mwaka 2022 nayo ni bure.

Inatatuaje? Mmeona mitumbwi ya wavuvi usiku, yote imekusanyika penye taa. Mtumbwi mmoja ukitikisika unatoa mawimbi madogo, mawimbi yanatikisa mtumbwi wa pili na wa tatu, nayo inarudisha mawimbi yake kwa ule wa kwanza. Ukitaka kujua mtumbwi wa saba unatikisika kiasi gani, huwezi kuuangalia peke yake. Lazima uhesabu yote kwa mara moja. Ndivyo programu inavyoufanyia waya. Inaukata vipande, tuseme 21, kila kimoja karibu mita moja. Kila kipande kinasukuma umeme katika vingine vyote, hata katika kilicho mbali. Hapo kuna hesabu 21 zenye majibu 21 yasiyojulikana, na zote zimefungamana. Mtu angefanya kazi hiyo kwa siku nyingi na kukosea. Ordinateri inamaliza kabla hujafunga mdomo.

Kadi ya waya wetu ni hii:

GW 1 21 0 -10.2 8 0 10.2 8 0.001

Msiogope. GW maana yake ni waya. 1 ni namba ya waya. 21 ni vipande. Halafu kuna namba tatu za ncha ya kwanza: 0, kisha mita 10,2 upande wa kushoto, kisha mita 8 kwenda juu. Zinafuata namba tatu za ncha ya pili, upande wa kuume. Mwisho 0.001 ni nusu ya unene wa waya, milimeta moja iliyoandikwa kwa mita. Kadi nyingine inasema umeme unaingia katika kipande cha 11, cha katikati, ndiyo sababu tunachagua hesabu isiyogawanyika kwa mbili. Kadi nyingine inaeleza udongo. Jambo moja dogo lilitupotezea usiku mzima: sisi tuliosoma kwa Kifaransa tunaandika 10,2 kwa koma, lakini programu inataka nukta. Ukiweka koma inajenga antena nyingine kabisa, wala haikuonyi.

Kijana yule aliweka kwanza mita 21, kama kambi yangu ya zamani. Picha ikatokea kama mabawa mawili yaliyolala, na katikati, kwenda juu, bonde. Akafuta 21 akaandika 8. Mabawa yakapotea, ikawa kama nusu ya chungwa inayotazama mbingu. Kwa udongo wa kawaida, nguvu inayokwenda juu kabisa ikawa zaidi ya mara kumi kuliko ile ya kwanza. Foni yetu ya wati 100 ilikuwa imeitia Uvira kama foni isiyofika wati 10. Nilikaa kimya pale mbele ya kioo. Kubadili namba moja kulichukua muda wa kupiga chafya, nami nilikuwa nikifikiri juu ya mguu wa mtu.

ISICHOJUA ORDINATERI

Sasa msije mkasema kwamba ordinateri inajua yote. Inajua yale uliyoiambia, na hayo tu.

Hapa Kasenga tulifunga waya mpya wa mita 20,4, ulipimwa vema ndani ya ordinateri. Tulipowasha foni, sindano ya kipimo ikaonyesha umeme mwingi unarudi. Kila mtu akalaumu ordinateri. Kijana akapanda ngazi, akaangalia, akacheka. Kwa kukosa nguzo ndefu tulikuwa tumeupitisha waya mita mbili tu juu ya paa la mabati la ghala! Bati ni chuma. Linashika mawimbi na kuyarudisha, nalo kwa waya ndilo udongo wenyewe. Alipochora paa lile ndani ya programu, picha ikaharibika kama ilivyoharibika kweli. Tukauhamisha waya mbali na paa, tukausimamisha mita 8 juu ya udongo, na sindano ikatulia.

Lakini ni kosa la pili lililonifanya niandike katika ukurasa huu. Katika kutafuta fasi mpya, picha iliyopendeza kuliko zote ilikuwa ile ya nguzo kusimama upande wa barabara. Wote tukakubali. Shimo likaanza kuchimbwa. Mzee mmoja mlinzi akatuita: «Wanangu, nguzo hiyo ikianguka italala wapi?» Tukainua macho. Waya za SNEL zilikuwa mita sita kutoka shimo lile, na nguzo yetu ilikuwa na mita 9. Ordinateri haikusema neno, kwa sababu hatukuiambia kwamba waya za umeme zipo. Na hata tungeiambia, ingehesabu mawimbi tu. Haijui kwamba watu wanne watakuwa wameshika nguzo ile kwa mikono yenye jasho siku ya kuiinua.

Shikeni kipimo hiki: kutoka shimo la nguzo mpaka waya wa umeme ulio karibu, pawe mbali angalau urefu wa nguzo na nusu yake. Nguzo ya mita 9 inataka mita 13 na nusu, na ukiongeza ni vizuri zaidi. Waya wa antena usipite juu wala chini ya waya wa umeme, hata kama ni usiku na umeme umekatika. Umeme hurudi bila kupiga hodi.

Ikiwa hatari imekwisha tokea na nguzo imegusa waya wa umeme, usimshike aliyeshikwa. Kaa mbali, zuia wengine wasikaribie, tuma mtu akatishe umeme. Fimbo kavu inaweza kusaidia kwa umeme wa nyumbani tu. Kwa waya wa barabarani wenye nguvu kubwa hakuna fimbo. Umeme ukikatika kweli, ndipo umwendee. Asipopumua vema na asipoitika, weka mikono katikati ya kifua, sukuma chini sentimeta 5 hadi 6, mara 100 hadi 120 kwa dakika. Wanaojua kupuliza hewa wafanye sukuma 30, pulizo 2. Usiache mpaka apumue au mganga afike. Hata anayesimama mwenyewe na kusema «siumwi» aletwe dispanseri, kwa sababu moyo unaweza kuchafuka baadaye.

WAYA WENYEWE UNAUNGUZA

Mama wengi wananiuliza kama mawimbi ya antena yanaharibu watoto wanaocheza chini. Kwa foni ya wati 100 na waya ulio mita 8 juu, nguvu inayomfikia mtu aliye chini iko ndani ya mipaka ya ICNIRP, kundi la wataalamu wa kimataifa lililotoa vipimo mwaka 1998 na kuviangalia tena mwaka 2020. Programu yenyewe inaweza kuhesabu nguvu hiyo mahali popote unapoionyesha.

Hatari iko katika kugusa. Foni inapoitia, kwenye ncha za waya kunakuwa na mamia ya volti, na umeme huo unaunguza nyama kutoka ndani. Kidonda chake ni kidogo juu, kirefu chini. Nimekwisha kuona kidole cha namna hiyo: mtu alianika nguo kwenye kamba, na kamba yake ilikuwa ncha ya antena. Basi ncha zisiwe chini ya mita tatu, zifungwe kwa kamba ya nailoni, na nguo zianikwe fasi nyingine. Aliyeungua atie kidole katika maji safi yanayotiririka kwa dakika 20, asipake mafuta wala dawa ya meno, kisha aje.

Wakati wa mvua ya ngurumo, toa kebo ya antena nyuma ya mashine na uitupe nje ya nyumba mbele mvua haijafika. Radi ikiwa imekwisha fika, usiiguse tena. Ondoka kwenye meza ya foni.

MAULIZO YA KUJIFUNZA

1. Usiku ionosfere inapungua nguvu, na frekansi ya megahezi 7 inaweza kupita bila kurudishwa kwa jirani. Kwa hiyo kambi inapewa frekansi ya pili, megahezi 5. Tukate waya wa urefu gani? Jibu: gawa 143 kwa frekansi. 143 kwa 5 ni mita 28,6, maana yake mkono mmoja ni mita 14,3. Kata mrefu kidogo, kisha punguza.

2. Tuufunge juu kiasi gani ili jirani wa kilometa 100 atusikie? Jibu: wimbi la megahezi 5 lina mita 60. Kwa jirani, waya ukae karibu na sehemu moja ya sita mpaka sehemu moja ya nne ya wimbi, maana yake mita 10 mpaka 15. Kwa nguzo zetu, mita 10 inatosha.

3. Nguzo ya mita 10 isimame mbali kiasi gani na waya wa umeme? Jibu hili sitaandika. Hesabuni nyumbani na watoto, halafu mpite nje mhesabu kwa hatua nguzo zilizo karibu na nyumba zenu, za foni na za televizio. Anayekuta iliyo karibu kupita kipimo asiiguse mwenyewe. Aje aniambie dispanseri, nami nitakwenda pamoja na fundi wa umeme.